Dirisha, Taa ya LED au Flashi: Ulinganisho kwa Anayejifunza Kupiga Picha za Watu Studio

Anayeanza kujifunza upigaji picha za studio kwa kawaida huwa na kamera tayari, lenzi moja au mbili, chumba au fremu ya biashara yenye upana wa mita tatu hivi, na fedha ya kununua taa moja. Swali lake huwa ni lilelile: anunue taa ya LED inayowaka muda wote, au anunue flashi? Nimelijibu swali hili mara nyingi, na kila mara nimelazimika kuongeza njia ya tatu ambayo wengi huipita bila kuitazama, yaani mwanga wa dirisha ambao tayari wanao nyumbani. Nitazilinganisha njia hizo tatu kwa mambo yanayomgusa mwanafunzi moja kwa moja: anaona nini kabla ya kubonyeza, kamera ataipangaje, ngozi ya mteja itatokaje, na kazi itaendeleaje umeme ukikatika.

Dirisha

Dirisha si njia ya kujishikiza tu. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako nchini Mali mwaka 1948, alipiga sehemu kubwa ya picha zake uani kwa mwanga wa mchana, na leo picha hizo zimo katika makumbusho makubwa ya sanaa. Dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, au lililofunikwa pazia jeupe jepesi, hufanya kazi ileile ya softiboksi kubwa (kisanduku cha kitambaa kinachovishwa taa ili kulainisha mwanga), na mwanafunzi hajalipa hata senti.

Mkalishe mtu mita moja kutoka dirishani, saa nne asubuhi, ubavu wake mmoja ukielekea kwenye mwanga. Anza na f/2.8 (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikipanda, tundu hupungua), shata 1/125 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga huingia) na ISO 400 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), kisha rekebisha. Mwombe ageuze kichwa polepole kuelekea dirishani huku ukitazama kivuli cha pua. Kitaanza kikiwa kimeungana na giza la shavu la mbali. Baadaye kitaacha pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho la upande huo, ule mwanga uliopewa jina la mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, Rembrandt. Na akiendelea kugeuka, pembetatu itafunguka na uso wote utajaa mwanga. Sasa shika karatasi ya manila nyeupe upande wa giza, uisogeze na kuirudisha nyuma, uone kivuli kinavyopungua na kurudi. Saa moja ya zoezi hilo humfundisha mtu zaidi ya wiki nzima ya kusoma orodha za vifaa, kwa sababu kanuni hizohizo ndizo atakazozikuta kwenye softiboksi.

Upungufu wa dirisha unajulikana kwa kila aliyejaribu kuligeuza biashara. Wingu moja likipita, mwanga hushuka stopu moja au mbili, yaani hubaki nusu au robo ya ulivyokuwa. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta, jua la adhuhuri huwa utosini, hivyo mwanga unaoingia dirishani wakati huo mara nyingi umegonga ardhi kwanza. Ikiwa nje kuna udongo mwekundu, kidevu na shingo ya mteja hupata wekundu usiokuwa wake. Tena wateja wengi hutoka kazini jioni, na ikifika saa moja dirisha halina tena cha kumpa mtu. Dirisha ni shule nzuri sana, lakini huwezi kulitundikia kibao cha saa za kazi.

Kuona kabla, au kuona baada

Ubora mkubwa wa taa ya LED ni kwamba unachokiona ndicho utakachokipata. Kivuli cha pua, mng'aro wa paji la uso, nukta ya mwanga ndani ya jicho, vyote vipo mbele yako kabla ya kubonyeza. Mwanafunzi akisogeza standi hatua moja kushoto, matokeo yapo hapohapo. Kwa kamera isiyo na kioo (mirrorless), kitazamio nacho humwonyesha kama picha itakuwa giza au imeungua, na mita ya kamera humpa kipimo.

Flashi haimpi mtu anasa hiyo. Mmweko huja na kuondoka kwa muda mfupi kuliko kope inavyofumba, na jicho halina nafasi ya kusoma kivuli. Flashi za studio huwa na taa ndogo ya kuongozea inayowaka muda wote katikati yake, nayo husaidia kuona kivuli kinaangukia wapi, ingawa haisemi mwanga utakuwa kiasi gani. Flashi ndogo za kubandika juu ya kamera, zile za betri nne za AA, nyingi hazina taa hiyo, na ndiyo sababu sizipendekezi kama mwalimu wa kwanza japokuwa bei yake ndiyo ya chini kuliko flashi zote.

Kuna jambo dogo linalowakatisha tamaa wengi siku ya kwanza ya flashi. Ukiipanga kamera isiyo na kioo kwa f/8, 1/160 na ISO 100 ndani ya chumba cha kawaida, kitazamio huwa cheusi kabisa, na mtu hudhani ameharibu kitu. Kamera inamwonyesha picha ambayo ingepatikana bila flashi. Katika menyu kuna sehemu ya kuzima uonyeshaji huo wa mpangilio, na ukiuzima, kitazamio hurudi kuwa angavu. Zima pia shata ya kielektroniki, kwa sababu kwenye kamera nyingi haifanyi kazi na flashi.

Kwa upande wa kuona, basi, LED na dirisha vinaishinda flashi waziwazi. Kama ulinganisho ungeishia hapa, ningemwambia kila mwanafunzi anunue LED.

Kiasi cha mwanga na mpangilio wa kamera

Lakini picha ya mtu hutaka mwanga mwingi kuliko jicho linavyodhani, na hapa ndipo mizani inapogeuka. Chukua taa ya LED ya wati 60, aina inayopatikana kwa urahisi madukani, uiweke ndani ya softiboksi, mita moja kutoka usoni. Chumba kitaonekana kimejaa mwanga, na mteja ataanza kukunja macho. Hata hivyo, kamera itadai kitu kama f/2.8, shata 1/125 na ISO 200 au 400. Ukitaka f/8 kwa mwanga uleule, yaani stopu tatu zaidi, itabidi ISO ipande hadi 1600 au 3200, na kwenye kamera za bei nafuu chenga huanza kuonekana katika vivuli vya shingo na nywele.

Tofauti ya f/2.8 na f/8 si ya vitabuni. Kwa lenzi ya milimita 85 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24), mtu akiwa mita mbili kutoka kwako, kina cha eneo lililo ndani ya fokasi ni sentimita 6 hivi kwa f/1.8, sentimita 9 kwa f/2.8, na sentimita 27 kwa f/8. Sentimita 6 maana yake ni kwamba jicho likiwa kali, masikio yameshalegea, na mteja akiegemea mbele kidogo wakati unabonyeza, jicho lenyewe nalo limepotea. Kwa mtu mmoja aliyetulia jambo hilo linaweza kupendeza. Kwa mama aliyempakata mtoto, nyuso mbili zisizo kwenye mstari mmoja, f/2.8 ni kamari.

Flashi ya wati-sekunde 200, yaani kipimo cha nishati ya mmweko mmoja, ikiwa ndani ya softiboksi hiyohiyo na kwa umbali huohuo, huweza kutoa f/8 kwa ISO 100 bila kufikishwa kwenye nguvu yake yote. Picha hutoka safi, uso wote mkali, na mwendo umegandishwa, kwa sababu kinachogandisha si shata bali ufupi wa mmweko wenyewe, ambao mara nyingi ni sehemu ya elfu moja ya sekunde au chini ya hapo. Mtoto wa miaka miwili asiyetaka kukaa kwenye stuli anaweza kupigwa picha kwa flashi. Kwa LED ya wati 60 na shata ya 1/125, mkono wake utaacha ukungu.

Flashi pia hutenganisha mambo mawili ambayo kwenye LED na dirisha yamefungamana. Chini ya mwanga unaowaka muda wote, tundu la lenzi, shata na ISO vyote huathiri mwanga wote kwa pamoja. Chini ya flashi, shata haigusi mmweko, maana mmweko huanza na kwisha shata ikiwa wazi. Inagusa tu mwanga mwingine uliomo chumbani. Hivyo mwanafunzi hujifunza kazi ya kila kirekebishi kwa kuiona peke yake. Kipimo kizuri ni hiki: panga f/8, 1/160, ISO 100, zima flashi, piga picha. Ikitoka nyeusi tii, basi taa za dari na dirisha haziingii kwenye picha yako, na rangi yote itatoka kwenye flashi. Ikionyesha kitu, kaza shata au funga pazia.

Kukaza shata kuna mpaka, na mpaka huo nilijifunza kwa uchungu. Katika mwaka wangu wa kwanza nilipiga picha za familia ya watu tisa nikiwa nimesahau shata kwenye 1/500 baada ya kazi ya nje ya asubuhi. Karibu nusu ya chini ya kila picha ilikuwa nyeusi. Waliosimama nyuma walionekana, waliokaa mbele walimezwa na giza. Nilibadilisha betri, nikabadilisha triga (kifaa kinachoiamuru flashi imweke), nikaiona flashi ni mbovu, na familia ikaondoka kabla sijaelewa. Kamera nyingi hufungua shata yake yote kwa pamoja hadi 1/200 au 1/250 tu. Ukivuka hapo, pazia la pili la shata huanza kufunga kabla la kwanza halijafika mwisho, na mmweko hukuta sehemu ya kihisi imefunikwa. Triga rahisi haiizuii kamera kuvuka mpaka huo. Panga 1/160, na usiiguse hadi utakapokuwa na sababu.

LED ina tatizo lake la shata, hasa balbu za kawaida na taa za bei ya chini sana. Umeme wetu, Tanzania, Kenya na Uganda, ni wa hezi 50, na taa isiyo na saketi nzuri hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ikiwa 1/250 au zaidi, michirizi myeusi na myeupe inaweza kulala juu ya picha. Tiba ni kurudi 1/100 au 1/50, jambo linalomrudisha mwanafunzi kwenye tatizo la mikono inayotikisika.

Ngozi

Hili ndilo ninalolijali kuliko yote, kwa sababu miongozo mingi ya mtandaoni imeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, na mwanafunzi wetu akiifuata bila kufikiri huishia kumfanya mteja wake awe wa rangi ya majivu.

Mita ya kamera hudhani kila kitu kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu cha kati. Bibi harusi mwenye ngozi nyeusi akivaa shela jeupe, mita huliona shela, huogopa weupe wake, na huudidimiza uso gizani. Bwana harusi akivaa suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, mita hufanya kinyume, na paji la uso linaungua. Kwa LED na dirisha mita inapatikana, ila inadanganya kwa namna hiyo. Kwa flashi isiyo ya kujipima yenyewe haina la kusema kabisa, na mwanafunzi hulazimika kupiga, kutazama grafu ya mwanga, na kuongeza au kupunguza nguvu. Nimeona kwamba wanaoanza na flashi huizoea grafu hiyo mapema, kwa kuwa hawana kingine cha kutegemea.

Ngozi nyeusi hupata umbo lake kwenye picha kwa mng'aro zaidi kuliko kwa kivuli. Chanzo kidogo cha mwanga huacha vidoa vikali kwenye pua na paji la uso, na mwanafunzi hukimbilia poda. Chanzo kikubwa kilicho karibu hugeuza vidoa hivyo kuwa tabaka pana laini linalofuata mfupa wa shavu. Kwa hiyo ukubwa wa softiboksi na ukaribu wake ni muhimu kuliko aina ya taa iliyomo ndani. Softiboksi ya sentimita 90 ikiwa sentimita 90 kutoka usoni ni mwanga laini. Hiyohiyo ikisogezwa mita tatu inakaribia kuwa balbu. Na ukiisogeza kutoka mita moja hadi mbili, mwanga unaofika haupungui kwa nusu tu, unabaki robo. Hapo flashi ina akiba ya kutosha kulisha softiboksi kubwa. LED ndogo ikivishwa kitambaa kipana huishiwa.

Rangi nayo si sawa. Mmweko wa flashi nzuri ni wa Kelvini 5600 hivi (kipimo cha rangi ya mwanga), karibu na jua la mchana, na una rangi zote ndani yake. LED hutofautiana mno. Zile zinazotangazwa kuwa na usahihi wa rangi wa 95 au zaidi kati ya 100 hufanya kazi vizuri. Za bei ya chini mara nyingi hupungukiwa wekundu, na wekundu ndio unaoipa ngozi ya kahawia uhai wake. Ukikosekana pale taa inapowaka, hakuna programu itakayourudisha vizuri. Usichanganye pia LED au flashi na balbu ya njano ya dari: shavu moja litatoka na rangi ya chungwa, na ukilirekebisha, la pili litageuka samawati. Kuta za fremu zilizopakwa kijani au waridi hufanya hivyohivyo, kwa taa ya aina yoyote. Paka nyeupe au kijivu.

Umeme, joto na chumba chenyewe

LED ya wati 60 ikiwaka saa nane hula karibu nusu uniti tu ya LUKU, na inveta ndogo huihimili umeme ukikatika. Flashi ya studio ya kuchomeka ukutani hula kidogo kwa jumla, lakini huvuta umeme mwingi kwa mkupuo inapojichaji, na inveta nyingi ndogo haziupendi mkupuo huo. Flashi ya betri huondoa tatizo zima. Godox AD200, kwa mfano, ina nguvu ya wati-sekunde 200 na betri yake hutoa mimweko 500 hivi kwa nguvu kamili, kiasi kinachotosha siku ya kazi katika studio ndogo hata mtaa ukiwa gizani. Betri hiyo hata hivyo huongeza bei, na taa yake ya kuongozea ni dhaifu.

Mteja naye ana la kusema. LED kali usoni kwa nusu saa huchosha macho na hubana mboni. Chini ya flashi, katika chumba chenye mwanga hafifu, mboni hufunguka. Kwa upande mwingine, watoto wachanga na wazee wengine hushtushwa na mmweko, na LED iliyotulia huwapa amani.

Pima chumba kabla ya kununua chochote. Picha ya mwili mzima kwa lenzi ya milimita 85 kwenye fremu kamili hudai karibu mita 4.7 kati ya kamera na mtu, bado hujamwacha mita moja na nusu mbele ya pazia ili kivuli chake kisianguke juu yake. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera hiyohiyo, mita 2.8 zinatosha. Mwenye chumba cha mita nne asiharakishe kununua 85.

Nani achukue nini

Kwa anayetaka kazi ya picha za paspoti na vitambulisho pekee, LED mbili zenye usahihi mzuri wa rangi, moja kila upande kwa nyuzi 45, zinatosha kabisa. Mteja ametulia, uso ni mmoja, na mwanga sawia usio na kivuli ndio unaotakiwa. Anayepiga video nusu ya muda wake hana budi kuanza na LED, na ningemshauri asishuke chini ya wati 100, kwani flashi haimfai chochote kwenye video. Vile vifurushi vya standi mbili zenye balbu za kuzungusha na miamvuli myembamba nisingempa mwanafunzi wangu: vina mwanga mdogo, rangi isiyoaminika, na standi zinazoanguka pazia likiguswa.

Kwa wengine wote, wanaotaka kupiga picha za familia, za mahafali, za maharusi na za watoto, nasema wafanye zoezi la dirisha kwa wiki mbili kila siku, kisha fedha yao yote iende kwenye flashi moja ya wati-sekunde 200 hadi 400 yenye taa ya kuongozea, triga inayolingana na kamera yao, standi nzito, na softiboksi au mwamvuli wa sentimita 90 hadi 120. Taa ya pili isubiri. Manila nyeupe ipo. Ugumu wa kutoona kivuli kabla ya kubonyeza, ambao nimeukiri hapo juu, hupungua sana kwa mtu aliyeshinda dirishani wiki mbili, kwa kuwa tayari anajua kivuli kitaangukia wapi.

Ukinunua flashi iliyotumika, usiichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye kamera, kwa sababu baadhi ya flashi za zamani hurudisha volti kubwa zinazoweza kuharibu saketi. Tumia triga isiyo na waya. Ielekeze kwenye ukuta mweupe, panga f/8, 1/160 na ISO 100, weka mpangilio wa rangi wa flashi badala ya wa kujichagulia, kisha piga picha kumi mfululizo kwa nguvu ya nusu, ukisubiri kila mara mlio au taa ya kuonyesha kwamba imejichaji. Zitazame kumi zote kwa pamoja kwenye skrini. Ikiwa moja ni nyeusi kidogo kuliko ya jirani yake, au ukuta umegeuka kutoka mweupe kuwa wa manjano kisha samawati, mrudishie mwenye nayo.